Daraja la Miguu Minne

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina lilitangaziwa zabuni mwaka juzi, kampuni tatu zikaomba, na mpaka leo mkataba wa kulitumia haujapitiwa na wakili wa Serikali. Kwa sasa tunasema "nchi yetu", na mgeni akitaka zaidi tunamwonyesha ardhi kwa kidole.

Mimi nilikuwa tarishi katika Ofisi ya Mawakili wa Serikali, Kitengo cha Mikataba ya Umma. Hiki ndicho kitengo kinachohakikisha kwamba Serikali ikinunua kitu au ikijengewa kitu, haiibiwi ila kwa kufuata taratibu. Sheria inasema waziri hatatia sahihi mkataba wowote mpaka wakili wetu aupitie na kuupiga mhuri. Kazi yangu ilikuwa kuchukua mikataba wizarani, kuipeleka kwenye mizani, kisha kuipeleka kwenye mhuri.

Watu wa nje huuliza mizani ilikuwa ya nini. Mkuu wa kitengo, Bwana Evarist Shomvi, aligundua kwa uzoefu wake kwamba mkataba mwembamba huleta kesi, kwa kuwa mpinzani anaweza kuumaliza kuusoma. Mkataba mnene humchosha akaenda zake nyumbani. Basi akanunua mizani ya buchani, akaifunga mezani kwake. Mkataba ulio chini ya kilo mbili ulirudishwa wizarani ukanenepe. Ulio juu ya kilo mbili ulipigwa mhuri hapo hapo, ukiwa bado kwenye mizani.

Unene nao ulikuwa na chanzo chake. Zamani sana wakili mmoja mwenye akili na muda wa kutosha aliandika mkataba wa kununua ng'ombe wa maziwa arobaini kwa ajili ya Shamba la Taifa. Ng'ombe walifika, wakakamuliwa, hakuna aliyemshtaki mtu. Bwana Shomvi akaona siri iko kwenye maneno yale. Akaamuru mikataba yote ya Serikali inakiliwe kutoka mkataba ule, ambao tuliuita mkataba mama, na kila penye neno ng'ombe pawekwe kitu kinachonunuliwa.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba vitanda vya Hospitali Kuu vilitakiwa kuogeshwa dawa ya kupe kila Jumanne. Kompyuta za Wizara ya Elimu zilitakiwa zifike zikiwa na mimba ya miezi isiyopungua minne. Barabara ya mzunguko ilipaswa kukatwa pembe ingali changa. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyesoma. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo nilidhani ndivyo wasomi wanavyozungumza.

* * *

Kisha akahamishiwa kwetu Wakili Tunu Makwega. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikuwa na tabia mbaya. Alikuwa anasoma. Aliweka rula chini ya mstari, akausoma, akaisogeza rula, akausoma mstari uliofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho, kisha akasoma na viambatisho.

Wiki ya kwanza alirudisha mikataba mitano, na wa chini kabisa ulikuwa na kilo tatu na robo. Wizarani walidhani mizani imeharibika. Walileta fundi.

Bwana Shomvi alimwita akamweleza kwa upole, kama unavyomweleza mtu aliyetoka kuugua, kwamba wakili wa Serikali akianza kusoma mkataba mmoja, wananchi watataka asome yote, na Serikali itasimama. Wakili Tunu akamuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kuusoma mkataba mama. Bwana Shomvi alijibu kwamba mama hasomwi, mama anaheshimiwa.

* * *

Sasa nifike kwenye daraja.

Mto Kizugwe una watu upande wa pili. Wanalima nyanya, nyanya nzuri, na huvuka kwa kushika kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, maji yakiwa kifuani. Masika nyanya huozea ng'ambo, na wajawazito huzalia ng'ambo, watake wasitake. Waziri wa Madaraja na Vivuko, Mheshimiwa Baltazari Ndimbo, aliahidi daraja, na alitaka mkataba utiwe sahihi kwenye Siku ya Madaraja. Ni sikukuu kubwa kwetu. Kwa vile madaraja ni machache, nguvu yote inaingia kwenye sherehe.

Mkataba ulifika kwa Wakili Tunu siku ya Ijumaa, sherehe ikiwa Jumatatu. Ulikuwa na kilo nne na gramu mia mbili, rekodi ambayo haijavunjwa. Mkandarasi alikuwa Bwana Hilali Mzomba, mtu mcheshi mwenye tumbo la heshima, ambaye kampuni yake ilikuwa ikichapisha kadi za harusi. Alishinda zabuni kwa kuwa kadi yake ya maombi ilikuwa na maua.

Wakili Tunu aliusoma Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi akampelekea Bwana Shomvi dokezo la kurasa kumi na moja, likisema mkataba huu si wa daraja, ni wa ng'ombe, na anayetia sahihi atajuta. Bwana Shomvi aliliweka dokezo kwenye mizani. Sindano haikucheza. Akaandika juu yake: "Halina uzito. Lihifadhiwe." Saa nne mkataba ulitiwa sahihi uwanjani, bendi ikipiga.

Bwana Hilali alianza kazi papo hapo. Alisimamisha kibao kando ya mto, na kwenye kibao kulichorwa daraja zuri kiasi kwamba maharusi walikuja kupiga picha mbele yake. Baada ya hapo akapumzika mwaka mmoja na nusu.

* * *

Barua ya wakili wake ilipokuja, ni mimi niliyeipokea kaunta. Ilisema Serikali imevunja mkataba. Kifungu cha thelathini na moja kilimtaka mwajiri, yaani Serikali, aandae malisho ya kutosha, maji safi na josho kabla daraja halijafika. Bwana Hilali alikwenda kukagua mto, hakuona malisho. Kwa hiyo mkataba uhesabiwe umekamilika kwa kosa la Serikali, alipwe chote, na asisumbuliwe tena. Kesi ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Wakili wake alikiona kifungu kile kwa bahati, alipokuwa akitafuta mahali pa kuweka sahihi.

Kikao cha dharura kiliitwa siku hiyo hiyo. Mheshimiwa Ndimbo hakutetereka. Aliagiza lori tatu za majani mabichi zipelekwe Kizugwe, zimwagwe ukingoni, na akawaambia waandishi wa habari:

"Serikali hii haijawahi, na haitathubutu, kuliacha daraja na njaa."

Watu wa Kizugwe waliyachukua majani wakalisha mbuzi, wakashukuru.

Kisha kikao kikamtafuta mwenye kosa. Bwana Shomvi alilieleza jambo lile kwa utulivu mkubwa. Watu kumi na wanne walitia sahihi mkataba bila kuusoma, kwa hiyo hawakujua kilichomo, na asiyejua hana kosa. Aliyeusoma ni mmoja. Huyo alijua. Basi mwenye kosa ni huyo. Kikao kizima kiliona mwanga. Wakaamua Wakili Tunu aende mahakamani aitetee Serikali peke yake. Akishindwa, afukuzwe kazi kwa kosa la kusoma, na watu wa Kizugwe waendelee na kamba yao mpaka serikali nyingine.

Zaidi ya hapo, Bwana Shomvi alimkataza kusema mahakamani kwamba mkataba ulinakiliwa kutoka kwa ng'ombe. Akisema hivyo, mikataba yote ya nchi itaanguka, pamoja na ya vitanda na kompyuta. Serikali haikosei. Ikiwa imeandika malisho, ilimaanisha malisho.

"Kwa hiyo nishinde kesi ya daraja kwa sheria ya ng'ombe," Wakili Tunu alisema.

"Sikufundishi kazi," Bwana Shomvi alimjibu.

* * *

Zilibaki siku sita kesi isikilizwe. Siku ya pili nilimpelekea chai, nikamkuta ameegemeza kichwa kwenye mkataba. Nilimwonea huruma, nikamwambia pole, Wakili. Akaniuliza bila kuinua kichwa kama naelewa chochote kuhusu ng'ombe, kwa kuwa yeye alikulia ghorofani na ng'ombe aliwajua kwenye pakiti za maziwa.

Nilimjibu kwamba ndiyo elimu niliyo nayo. Nilitoka shule nikachunga ng'ombe wa mjomba wangu miaka minane, na mjomba alikuwa akiuza mitamba kwa watu wa mbali.

Akakaa sawa. Akachukua rula. Akanitaka nimweleze ng'ombe anauzwaje, mwanzo mpaka mwisho, nisiruke kitu.

Nikamweleza. Mnunuzi halipi wala hakati majani kabla hajamwona ng'ombe amesimama kwa miguu yake yote minne. Aliyelala hanunuliwi, hata uapiwe kwamba amechoka tu. Na ng'ombe wa maziwa akifika boma geni hugoma, hutoa macho na kubana maziwa. Kwa hiyo muuzaji haondoki siku hiyo. Anakaa na mnyama wake kwa mnunuzi, anakula huko, analala huko, mpaka ng'ombe azoee na maziwa yashuke. Na muuzaji akija mikono mitupu, kwamba ng'ombe yuko nyuma anakuja, kwetu anakaribishwa, anapewa kiti na uji. Ila haondoki. Anakaa hapo mpaka ng'ombe afike. Mjomba alikaa kwa watu hivyo wiki saba.

Wakili Tunu alikuwa amekwisha kufungua ukurasa. Yule wakili wa zamani alikuwa amezunguka vijijini kabla ya kuandika. Desturi yote ilikuwamo, kifungu kwa kifungu, na kila penye ng'ombe palikuwa na daraja.

"Bora uliacha shule mapema," aliniambia. "Ungemaliza ungeharibika." Sijui kama ilikuwa sifa, lakini niliipokea.

* * *

Kesi ilikuwa mbele ya Jaji Mbaraka Ulenje. Huyu jaji alifuga. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja nyumbani kwake na harufu yao ilimfuata hadi kitini. Alipoanza kuusoma mkataba wetu, uso wake ulichangamka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya ujaji alikuwa anaelewa hati iliyo mbele yake.

Wakili wa Bwana Hilali alizungumza saa mbili. Alitaja malisho, maji na josho, akalia kidogo kwa ajili ya daraja lililonyimwa matunzo. Alipokaa, Wakili Tunu akasimama na rula yake, akamwomba Bwana Hilali apande kizimbani.

"Bwana Hilali, shikamoo."

"Marahaba, Wakili."

"Daraja unalo?"

Bwana Hilali alimtazama wakili wake. Akajibu kwamba daraja liko kwenye hatua nzuri.

"Limesimama?"

"Bado halijasimama, ila nia ipo."

Wakili Tunu akamsomea kifungu cha tisa: muuzaji atalionyesha daraja kwa mnunuzi likiwa limesimama lenyewe kwa miguu minne iliyo imara, isiyochechemea. Akamsomea cha kumi: wajibu wa malisho utaanza baada ya ukaguzi huo, si kabla. Jaji Ulenje aliweka kalamu chini akainama mbele.

"Ndugu yangu," alimwambia Bwana Hilali, "ng'ombe hujaleta. Majani unamdai nani?"

Watu walicheka, na karani wa mahakama, ambaye hakuwahi kucheka tangu aajiriwe, aliinama kutafuta kitu chini ya meza.

Wakili wa Bwana Hilali aliruka akasema hili ni jambo la aibu, mkataba ni wa daraja, daraja halina miguu ya mnyama wala halichechemei, na vifungu hivi vyote ni upuuzi wa mwandishi. Hapo Bwana Shomvi, aliyekuwa amekaa nyuma, alifumba macho. Lakini Jaji alimuuliza yule wakili kama cha thelathini na moja nacho ni upuuzi. Kama ni upuuzi, mteja wake hana kesi. Kama si upuuzi, basi aendelee kusikiliza. Yule wakili akachagua kusikiliza.

Kikafuata kifungu cha arobaini na nne. Muuzaji asiyekuja na daraja siku ya makabidhiano atakaa kwa mnunuzi, atapewa mahali pa kulala na uji, na hataondoka mpaka daraja lifike na lizoee mazingira. Jaji alikisoma kwa sauti mara mbili, kwa furaha, akasema mkataba huu umeandikwa na mtu mwenye adabu. Na kwa kuwa mnunuzi hasa, yaani mtumiaji, ni watu wa Kizugwe, akaamuru Bwana Hilali akakae Kizugwe. Upande wa ng'ambo.

* * *

Tulimpeleka mimi, Wakili Tunu na askari mmoja. Mwenyekiti wa kijiji, Bi. Mwajabu Lihame, alimpokea vizuri sana. Alimpa kibanda, mkeka na uji, akamwambia ajisikie nyumbani. Bwana Hilali aliuliza choo kiko wapi, na duka la soda liko wapi. Choo kilikuwa nyuma ya kibanda. Duka lilikuwa ng'ambo ya pili.

Siku tatu za kwanza alikunywa uji akijisemea kwamba wanamtania. Siku ya nne alishika kamba kwenda kununua soda. Maji yalimfika kifuani, na kwa mtu mwenye tumbo kama lake kifua si juu sana. Kandambili zilikwenda na mto. Alirudi bila kandambili na bila soda, na wanawake waliokuwa wakifua walimpa pole moja moja, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka akaomba wanyamaze.

Mwisho wa mwezi aliita waashi. Mwezi uliofuata aliagiza chuma. Mchoro wa wizara ulikuwa na nguzo mbili, kwa kuwa nguzo mbili ni nafuu, lakini kifungu kilisema miguu minne, na Bi. Mwajabu alikuwa amepewa nakala. Kila asubuhi alikwenda na nakala yake ukingoni akahesabu. Bwana Hilali alimlalamikia kwamba nguzo tatu zinatosha, dada yangu. Bi. Mwajabu akamuuliza kama yeye angenunua ng'ombe wa miguu mitatu.

Masika iliingia kazi ikiwa nusu. Homa ilimshika Bwana Hilali mara mbili, na mara zote mbili alibebwa kwenye machela kushuka mtoni, machela ikavushwa kwa kamba. Walioona wanasema alipofika katikati ya maji alikuwa akiwahimiza waashi kwa jina, mmoja mmoja, toka kwenye machela.

Baada ya miezi saba daraja lilisimama. Jaji Ulenje alikuja mwenyewe kulikagua, ingawa halikuwa jukumu lake. Alilizunguka, akalipiga kofi ubavuni, akasogea nyuma kuangalia kama linachechemea. Mheshimiwa Ndimbo naye alihutubia, akasema Serikali yake ndiyo ya kwanza duniani kujenga daraja kwa njia ya ufugaji bora. Bwana Shomvi alipewa nishani kwa kuulinda mkataba mama. Wakili Tunu alipewa onyo la maandishi kwa kusoma, na akarudi mezani kwake akalisoma.

* * *

Siku iliyofuata mimi na Wakili Tunu tulikwenda Kizugwe kumpelekea Bwana Hilali barua ya kumwachia. Kazi yake ilikuwa imekwisha, alikuwa huru kurudi kwenye kadi zake.

Hatukufika hata kwenye kibanda chake. Tulikutana naye katikati ya daraja, anakuja, na nyuma yake watu kama thelathini, Bi. Mwajabu akiwa mbele yao. Tumbo lilikuwa limekwisha. Mikono ilikuwa myeusi kwa udongo wa bustani ya nyanya. Wakili Tunu alimkabidhi barua yake ya uhuru. Aliikunja bila kuifungua, akaiweka mfukoni, akatoa karatasi yake mwenyewe.

Alisema wao, watu wa Kizugwe, wanaishtaki Serikali. Mkataba wa zahanati ya ng'ambo ulitiwa sahihi miaka miwili iliyopita, na mpaka leo kuna kibao tu. Kibao, Wakili, alirudia, kana kwamba hajawahi kuona jambo la aibu kama lile. Yeye ameugua mara mbili hapa na anajua anachosema. Watu wamemchagua awe msemaji wao.

Nilimtazama Wakili Tunu. Kesi zote dhidi ya Serikali zinapita mezani kwake, na hii angeipinga yeye. Alitoa rula, akaiweka chini ya mstari wa kwanza, akaisoma karatasi yote hapo hapo, watu wakimsubiri. Ilikuwa kurasa mbili tu. Alipomaliza akairudisha.

"Aya ya pili haina tarehe ya makabidhiano," alisema. "Hapo nitakushinda asubuhi tu. Iandike upya, kisha tuonane Jumatatu."

Bwana Hilali aliniomba kalamu. Akaitandaza karatasi juu ya ukingo wa daraja, watu wote thelathini wakamzunguka wakimtajia tarehe, akaanza kuandika.